Mkono Usioweza Kuukata: Gavana wa Tayabas na Swali la Usaliti

Mwaka 1907 nchini Ufilipino una tarehe tatu ambazo ukizipanga kwenye mstari mmoja zinakukosesha raha. Tarehe 30 Julai, wanaume wachache waliokuwa na haki ya kupiga kura walichagua Bunge la kwanza la nchi yao chini ya utawala wa Marekani. Tarehe 13 Septemba, Macario Sakay, kinyozi wa zamani wa mtaa wa Tondo aliyeendelea kupigana msituni miaka kadhaa baada ya vita kutangazwa kwisha, alinyongwa kama jambazi. Tarehe 16 Oktoba, Bunge likafunguliwa mjini Manila, katika ukumbi wa Grand Opera House, kwa hotuba ya William Howard Taft, waziri wa vita wa Marekani.

Miongoni mwa walioketi ukumbini siku ile alikuwemo kijana wa miaka 29 aliyetoka kuachia kiti cha ugavana wa mkoa wa Tayabas. Jina lake Manuel Quezon. Huyu ndiye atakayekuja kuwa Rais wa Seneti, kisha Rais wa Jumuiya ya Ufilipino mwaka 1935, na hatimaye sura kwenye sarafu na jina la jiji.

Kati ya yule aliyenyongwa na huyu aliyeketi, kuna mtu wa tatu: Harry Bandholtz, afisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa mkubwa katika Constabulary, yaani ile polisi ya kijeshi ya wakoloni. Bandholtz alishiriki katika mazungumzo yaliyomtoa Sakay msituni Julai 1906 kwa ahadi nzuri nzuri, siku chache kabla hajakamatwa akiwa mgeni kwenye sherehe huko Cavite. Na Bandholtz huyo huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa kisiasa wa Quezon kule Tayabas. Mkono mmoja, milango miwili. Mlango mmoja ulifunguka kwenye kitanzi, mwingine ukafunguka bungeni.

Swali langu ni la zamani, na wala si la Wafilipino peke yao: anayefanya kazi chini ya mkoloni ni msaliti? Tukilijibu kwa haraka tunajibu vibaya. Kwa hiyo tuende polepole, na twende na mtu mmoja.

*

Namtaka Quezon wa mkoani, kabla hajawa sanamu. Alizaliwa Baler mwaka 1878, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya kisiwa cha Luzon, uliozungukwa na milima upande mmoja na bahari upande wa pili. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi, na baba yake hakuwa mtu wa mapinduzi hata kidogo. Mwaka 1898, wakati Hispania inaporomoka, baba huyo na mtoto wake mwingine waliuawa njiani wakirudi nyumbani. Mtu angetarajia kijana Manuel achukie kila kinachoitwa mapinduzi. Haikuwa hivyo. Wamarekani walipoingia badala ya Wahispania, aliacha masomo ya sheria Chuo Kikuu cha Santo Tomas akajiunga na jeshi la Jamhuri ya Emilio Aguinaldo, akafika cheo cha meja, akapigana kule Bataan chini ya Jenerali Mascardo, akauguzwa na malaria, akala alichokipata.

Machi 1901 Aguinaldo alikamatwa kwa hila huko Palanan. Mascardo hakuamini. Akamtuma Quezon ajisalimishe na akahakikishe kwa macho yake. Quezon mwenyewe anaisimulia safari hiyo katika tawasifu yake, The Good Fight, iliyotoka mwaka 1946 akiwa ameshafariki. Alipelekwa ikulu ya Malacañang, akamkuta Aguinaldo ndani ya chumba, mfungwa kati ya samani za kifahari. Akamuuliza: tuendelee au tuache? Aguinaldo akamwambia kwamba yeye ameshakula kiapo cha utii kwa Marekani, kwa hiyo hana tena haki ya kumwamuru mtu apigane.

Hebu fikiria uzito wa jibu hilo. Kijana ameugua porini kwa ajili ya mtu huyu, na mtu huyu anamrudishia uamuzi mikononi kama mtu anayerudisha deni. Kamanda akishakula kiapo, askari anabaki na nini? Anabaki na dhamiri yake, na tumbo lake.

Quezon akasota jela miezi kadhaa, akatoka, akamaliza sheria, na mwaka 1903 akafaulu mtihani wa uwakili. Mwaka huo huo akawa mwendesha mashtaka wa serikali, kwanza kisiwani Mindoro kisha Tayabas. Miaka miwili tu tangu atoke na bunduki, sasa anasimama mahakamani kwa jina la dola ile ile aliyokuwa akiilenga shabaha.

*

Wenzake walilijibu swali la kiapo kwa namna mbalimbali, na ni vizuri tuwaweke mezani.

Apolinario Mabini, mwanasheria aliyepooza miguu, aliyeitwa ubongo wa mapinduzi, alikataa kuapa. Wakampeleka uhamishoni Guam Januari 1901. Alikaa huko miaka miwili. Mwanzoni mwa 1903 akakubali kuapa ili arudi akafie kwao, na kweli, Mei mwaka huo kipindupindu kikamchukua.

Artemio Ricarte, jenerali, hakukubali kabisa. Alipelekwa Guam pamoja na Mabini, akarudishwa hadi bandarini Manila, akakataa kuapa, akafukuziwa Hong Kong. Akarudi kwa siri, akakamatwa mwaka 1904, akafungwa miaka sita. Mwaka 1910 alipotoka wakamwekea tena karatasi ya kiapo mbele yake. Akakataa tena! Akafukuzwa tena, akaishia kuishi Yokohama, Japani. Hapo utasema: huyu ndiye mwanamume. Lakini subiri. Wajapani walipoivamia Ufilipino Desemba 1941, walimrudisha Ricarte, mzee sasa, awasaidie kuwatuliza Wafilipino. Mtu aliyekataa kuinamia bendera moja ya kigeni kwa miaka arobaini akarudi nyumbani chini ya bendera nyingine ya kigeni, na jeshi lililoileta halikuwa na huruma. Alifariki milimani kaskazini mwa Luzon mwaka 1945.

Kwa hiyo kiapo peke yake si kipimo. Mabini aliapa na hakuna mwenye akili timamu anayemwita msaliti. Ricarte hakuapa na mwisho wake unatia simanzi. Anayetafuta usafi wa moyo kwa kuangalia nani alitia saini na nani hakutia, atapotea njia.

*

Kuna methali yetu inayoonekana kummaliza Quezon kwa heshima zote: mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hii haina aibu. Inajua kwamba kuna mikono mikubwa kuliko upanga wako, na inakuambia uishi. Watetezi wa Quezon, hata wasioijua methali yenyewe, wanasema hivyo hivyo. Wanauliza: mwaka 1903 ulitaka afanye nini? Vita vimetangazwa kwisha tangu Julai 1902. Batangas, jirani tu na Tayabas, wanavijiji wamesukumwa kwenye kambi na mashamba yao kuchomwa hadi Jenerali Malvar akasalimu amri. Sheria ya uchochezi ya 1901 inafanya hata kuhubiri uhuru kuwa kosa. Katika hali hiyo, kijana mwenye shahada ya sheria anayeingia ofisini na kuanza kuujua mfumo kutoka ndani anafanya kosa gani?

Na ndani ya ofisi ile hakuwa mtumwa. Alipokuwa mwendesha mashtaka wa Tayabas alimshtaki mwanasheria wa Kimarekani, Francis Berry, mtu mwenye gazeti na mwenye marafiki, kwa ulaghai wa ardhi. Mfilipino wa mkoani kumpandisha kizimbani Mmarekani, miaka michache tu baada ya vita! Kwa wakulima waliokuwa wakiibiwa ardhi kwa makaratasi, kitendo hicho hakikuwa kidogo. Baada ya hapo alijiuzulu, akafungua ofisi ya uwakili, akawa diwani wa Lucena, na mwaka 1906 akachaguliwa gavana.

Lakini tuangalie alichaguliwaje. Wakati ule gavana hakuchaguliwa na wananchi. Alichaguliwa na mkutano wa madiwani wa miji ya mkoa, na madiwani hao walitoka kwa watu wenye mali, wasomi wa Kihispania na wale waliowahi kushika vyeo enzi za Hispania. Hata uchaguzi wa Bunge wa 1907, ambao ulikuwa wa moja kwa moja, ulikuwa na wapiga kura walioandikishwa takriban 105,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni saba na nusu. Siasa ilikuwa klabu ya mabwana. Na ili uingie klabu, ilikubidi upendwe na familia chache za mkoa, na usichukiwe na afisa wa Kimarekani.

Hapo ndipo anapoingia Bandholtz. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa gavana wa Tayabas, alichaguliwa mwaka 1902, jambo la ajabu kwa mwanajeshi wa Kimarekani. Aliijua kila familia, kila ugomvi, kila deni. Aliona kipaji kwa kijana huyu wa Baler mwenye maneno mengi na hasira za karibu, akamshika mkono.

Na kijana naye alitoa kitu. Mwanahistoria Alfred McCoy, katika kitabu chake Policing America's Empire cha mwaka 2009, alichimba karatasi za Constabulary na kuonyesha kwamba Quezon, katika miaka hiyo ya kupanda ngazi, alikuwa akiwapa polisi hao taarifa. Kwa lugha ya mtaani: alikuwa shushushu.

*

Kazi yangu ni uandishi wa habari, kwa hiyo jambo la kutoa taarifa si geni kwangu. Kila siku kuna mtu ananiambia kitu ambacho mwingine angependa kisijulikane. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya taarifa inayotoka kwa mdogo kwenda kwa umma na taarifa inayotoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa kuhusu mdogo mwenzake. Ya kwanza anayetajwa anaweza kuijibu, hata kama ni kwa kelele. Ya pili imeandikwa ili aliyetajwa asiione kamwe. Atashangaa tu mlango umegongwa usiku.

Nadhani hapa ndipo kipimo kilipo. Irudie ile methali, uisome taratibu. Inasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Haisemi uuonyeshe mlango wa jirani yako. Kubusu ni mwili wako wewe unaoinama na shingo yako wewe inayoingia aibu. Ukiomba kazi kwa mkoloni, ukala kiapo chake, ukavaa suti yake na kucheka utani wake usiochekesha, gharama unailipa wewe, kutoka kwenye akiba yako ya heshima. Siku ukianza kulipia uhai wako kwa shingo za wengine, biashara imebadilika. Hiyo si kubusu tena, ni kuuza. Na bidhaa si yako.

Kwa hiyo simlaumu Quezon kwa kusalimu amri, wala kwa kuapa, wala kwa kuwa gavana, wala kwa urafiki wake na Bandholtz, ambaye kwa kila dalili alimpenda kweli. Ninachokiona kizito ni zile taarifa. Ugavana ulikuwa hadharani, yeyote angeweza kumwita kibaraka usoni, na wapo waliomwita. Taarifa zilikuwa gizani.

*

Sasa haki inanilazimisha nikigeuze kipimo hiki upande wa pili, maana kipimo kinachopima mtu mmoja tu ni fimbo, si kipimo.

Nani alilipa gharama ya ushujaa wa Sakay? Kwa sehemu, yeye mwenyewe, na alilipa kwa shingo. Lakini si yeye peke yake. Alipokuwa msituni na Jamhuri yake ya Katagalugan, wakoloni waliwakusanya wanavijiji wa Cavite na Batangas kwenye maeneo yenye ulinzi ili wapiganaji wakose chakula. Mama aliyetolewa shambani kwake wakati wa kuvuna hakuulizwa kama anataka vita viendelee. Wapiganaji nao walidai mchele na fedha kwa watu ambao hawakuwa nacho cha ziada. Tembo wakipigana nyasi huumia, na nyasi hazijali ni tembo gani ana hoja nzuri.

Hata hivyo bado naona tofauti. Sakay hakuficha anachofanya. Mwanakijiji alijua yuko wapi, anataka nini, na angeweza kumkataa au kumficha, ingawa kumkataa kulikuwa na hatari yake. Na mwishoni Sakay alitoka msituni kwa sababu gani? Dominador Gómez, mwanasiasa na kiongozi wa wafanyakazi, alimshawishi kwamba ukaidi wake ndio kikwazo kilichobaki kabla Wafilipino hawajapewa Bunge. Kumbe hata jambazi, kama walivyomwita, alikuwa tayari kuweka silaha chini ili wenzake wapate viti. Viti wakavipata. Yeye alinyongwa kati ya siku ya kura na siku ya kufungua kikao.

Sijui kama kuna shairi lolote lingeweza kuongeza chochote hapo.

*

Mtetezi hajanyamaza, na sitaki anyamaze. Atasema: angalia matunda. Quezon alikwenda Washington mwaka 1909 kama mwakilishi wa Ufilipino, akajifunza Kiingereza barabara, akapiga kelele hadi mwaka 1916 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Jones, iliyotamka kwa mara ya kwanza kwamba uhuru utakuja. Alijenga Seneti. Akawa Rais. Na akiwa Rais, wakati nchi kubwa zikifunga milango, alifungua mlango wa Manila kwa Wayahudi zaidi ya 1,000 waliokimbia Wanazi. Watu wale na wajukuu wao wapo duniani kwa sababu mtu fulani wa Baler alijua kucheza siasa. Bila Tayabas hakuna Malacañang. Bila Malacañang hakuna viza.

Hoja hii ina nguvu na sitaipuuza. Ila ina mtego mmoja: inachukulia kwamba njia na mfikaji ni vitu viwili tofauti. Mimi naona njia inamwandika mfikaji. Aliyejifunza siasa kwenye klabu ya mabwana wa mkoa, akiwa na polisi upande wake, aliendelea kuamini klabu na polisi. Mwaka 1933 wapinzani wake, Osmeña na Roxas, walirudi kutoka Marekani na sheria ya uhuru. Quezon akaipinga hadi ikafa, akaenda mwenyewe, na mwaka 1934 akarudi na nyingine inayofanana nayo karibu kila kitu. Uhuru ulikuwa mtamu zaidi ukiletwa na yeye. Mei 1935 wakulima wa Sakdal, chama kilichoanzishwa na Benigno Ramos, mshairi wa Kitagalogi aliyewahi kuwa mtu wa Quezon, waliinuka katika vijiji vya karibu na Manila wakidai uhuru halisi na ardhi. Waliowapiga risasi walikuwa Constabulary. Kikosi kile kile.

Wasomaji wa riwaya watakuwa wameshamkumbuka Simoun. Katika El filibusterismo ya José Rizal, iliyochapishwa mwaka 1891, Simoun ni sonara tajiri, rafiki wa mkuu wa utawala, anayeushauri utawala ufanye ubaya zaidi ili watu wachoke na kuinuka. Anabusu mkono ili auoze. Rizal hamwachi ashinde. Simoun anakufa kwa sumu nyumbani kwa Padri Florentino, na padri anazitupa johari zake baharini. Rizal, aliyepigwa risasi na Wahispania mwaka 1896, aliona kitu kabla watu wa Tayabas hawajakiona: mtu anayeamini kwamba atautumia uovu kisha atoke safi anasahau kwamba uovu nao unamtumia.

*

Basi jibu langu ni hili. Kufanya kazi chini ya mkoloni si usaliti wenyewe. Wengi waliofanya hivyo walikuwa wakiokoa kilichookoleka, na sisi tulio salama hatuna haki ya kuwapangia ujasiri. Usaliti unaanza pale unapotoa usichokuwa nacho: jina la mwenzako, mlango wake, usingizi wa watoto wake. Na alama yake mara nyingi ni siri. Alichokifanya mtu mchana kweupe kinaweza kujadiliwa, na hata kusamehewa. Alichokifanya gizani kwa niaba ya wengine hakuna wa kukisamehe, maana wenye haki ya kusamehe hawajui walifanyiwa.

Quezon alifariki kwa kifua kikuu Saranac Lake, New York, Agosti 1944, nchi yake ikiwa bado mikononi mwa Wajapani, miaka miwili kasoro kabla ya uhuru aliouimba maisha yake yote. Mwaka 1946 mkoa wa Tayabas ukabadilishwa jina, ukawa mkoa wa Quezon. Baler, alikozaliwa, leo haimo hata kwenye mkoa huo. Imo katika mkoa wa Aurora, uliopewa jina la mke wake.

Sipingi mkoa kuitwa jina lake. Alistahili mengi. Ila ramani huandika jina la mtu kwa herufi kubwa na haina pa kuandika majina aliyoyapeleka yeye kwa wakubwa. Hayo yako kwenye makasha ya karatasi, na kazi yetu sisi wengine, waandishi na wasomaji, ni kuyafungua bila chuki na bila kufumba macho.